Bustani Yangu ya Makopo

Miezi tisa ya mwanzo nikiwa Kibondo sikupanda kitu hata kimoja ardhini. Ungeniuliza kwa nini, ningekujibu kwamba nyumba ni ya kupanga, udongo sijauzoea, kazi nyingi. Uongo mtupu! Kila nilichopanda kilikuwa kwenye kopo la rangi, ndoo iliyopasuka au dumu lililokatwa, kwa sababu moja tu: siku ya kuondoka nivibebe.

Mume wangu alihamishiwa huku kikazi mwaka 2021. Mimi ni mhariri, kazi yangu inataka kompyuta na mtandao, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. "Miaka miwili tu, mke wangu," aliniambia tukiwa bado Dar es Salaam tunafunga mizigo. Nikaikubali kama mtu anavyokubali sindano. Fumba macho, itapita.

Tulifika Oktoba, mvua zikianza. Kila kitu kijani, migomba imesimama kama askari. Nikasema, kumbe bustani ni rahisi hivi! Mpenzi msomaji, subiri Juni ifike.

Nilikuwa na ukurasa nilioukata kwenye jarida la nje, unaohusu bustani ndogo za majira ya joto. Nyasi laini, mawaridi pembeni, kiti cheupe katikati. Nilichosahau ni kwamba Juni mpaka Agosti ya wenzetu siyo ya kwetu. Kiangazi cha milima ya Kigoma ni usiku wa sweta, mchana wa jua kali, vumbi jekundu kutoka barabara iliyokuwa ikijengwa, na mvua hakuna kabisa. Bomba nalo likawa linatoa maji siku linapotaka. Tukaanza kununua kwa dumu la lita 20.

"Maua yako yanakunywa kuliko mtoto," mume wangu alisema jioni moja. Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Wiki hiyohiyo nikamsikia akiongea na simu barazani. Ndipo nikajua kwamba ameomba kuongezewa muda Kibondo. Ameomba mwenyewe! Na hakuniambia. Siku tatu tukaishi kwa "shikamoo" za mtoto na "chakula tayari". Siku ya nne nikambeba mwanangu mgongoni, nikapanda basi kwenda Kasulu, kwa mama mkwe. Kusema kweli nilikwenda kumshtaki mwanawe.

Uani kwa mama

Ua wa mama pale Kasulu mjini ni mdogo kuliko wa kwangu. Lakini ilikuwa Julai na ua ule ulikuwa hai. Migomba imepandwa pale maji ya bafuni yanapotokea. Lengalenga ziko chini ya meza ya vyombo, zinakunywa maji ya kusuuzia mboga. Mchaichai umezunguka ukingo. Kwenye kona, mparachichi mkubwa unatupa kivuli juu ya benchi. Sikuona dumu hata moja la kununua.

Sikuanza na mashtaka. Mtu haanzi hivyo kwa mkwe. Nikamwambia habari za bustani yangu.

"Vyote kwenye makopo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana maji hayakutoshi. Kopo linakauka upesi, ardhi inatunza." Akanyamaza kidogo. "Kwani mnahama lini?"

Nikakosa jibu. Machozi yakajibu badala yangu, na maneno yote yakatoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba yeye ni mzaliwa wa Kibondo, na alipoletwa Kasulu kuolewa aliona ni mbali kama Ulaya. "Mwaka wa kwanza nilifukia mbegu ya parachichi pale. Nikasema likizaa nitakuwa nimezoea. Likachukua miaka saba, mwanangu. Mimi nilizoea kabla yake."

Nikadhani sasa ataniambia nivumilie, kama wanavyotuambia siku zote. Hakusema hivyo. "Mwanangu amekosa kukuficha. Hilo mwambie usoni, hata mimi nitamwambia. Ila miti usiitese kwa ugomvi wa watu."

Nilirudi Kibondo na mfuko wa pingili za matembele, mashina ya mchaichai na machipukizi mawili ya mgomba. Usiku ule tuliongea mpaka saa saba. Nilimwambia kilichoniuma siyo Kibondo, ni kuamuliwa maisha kama mzigo. Aliomba radhi. Akakiri aliogopa kuniuliza kwa sababu alijua jibu. Tukakubaliana: kila Juni tunakaa chini, tunaamua pamoja kama tunabaki mwaka mwingine. Siku hizo mbili hatujazikosa tangu hapo, yaani siku ya kuamua na siku ya kusafisha bustani.

Kama na wewe una ua mdogo

Haya ndiyo niliyojifunza kwa mama, na kwa makosa yangu mwenyewe.

Angalia kwanza maji yako yanapokwenda. Mgomba uweke karibu na maji ya bafuni. Maji ya vyombo yenye sabuni kidogo yanafaa kwa maua na migomba, lakini yenye dawa ya kufulia ya kutoa madoa usimwage kwenye mimea kabisa.

Kiangazi ni cha kuchimba, mvua ni ya kupanda. Shimo la mti lichimbe Agosti, futi mbili kwenda chini na mbili upana, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Mche uingie mvua zikishakolea.

Funika udongo. Majani makavu ya migomba yanatunza unyevu vizuri, ila yasiguse shina. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, siyo saa sita. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa karibu na mche inadondosha maji polepole.

Pima ukubwa wa mti ukiwa mzee, siyo ukiwa mche. Mparachichi unakuwa mkubwa, usiuweke karibu na ukuta. Chagua mche uliounganishwa, huo huanza kuzaa mapema kuliko wa mbegu. Mpapai hauhitaji nafasi kubwa, lakini panda miche mitatu pamoja, ukitoa maua ndipo utajua dume ni lipi na jike ni lipi, kisha ung'oe inayozidi.

Kama una mtoto, kuwa makini na mnyaa wa uzio. Utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Na ua la oleanda, pamoja na uzuri wake, ni sumu likiliwa.

Nyasi laini za jaridani? Ziache jaridani.

Mparachichi wetu tuliupanda Oktoba 2022, mimi nimeushika mche, yeye anafukia. Hatujui kama tutakuwepo kuona unazaa vizuri, na tumeshazoea kutojua. Makopo nayo nimeyamaliza, isipokuwa moja. Waridi mmoja nimeubakiza kwenye kopo lake la rangi, karibu na mlango.

Mume wangu huuona kila asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Juni iliyopita, tulipokaa kwenye kikao chetu, aliuelekeza kwa kidole kabla hata hatujaanza.

"Na huyu," akauliza, "anasemaje mwaka huu?"

Nikamwambia ukweli. Bado anafikiria.