Mama mfupi, pikipiki ndefu: Safari ya Dar hadi Lushoto

Barabara ya kupanda Lushoto kutoka Mombo ni ya lami, ina kilomita 33 hivi, na abiria wa basi dogo huihesabu kwa kona. Mwendesha pikipiki mwenye miguu mifupi huihesabu kwa namna nyingine: atasimama mara ngapi, na kila akisimama, mguu wake utakanyaga nini. Upande mmoja kuna ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Lami imeinamishwa kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatiririke. Magari yetu yakipita kushoto, pembeni huko ndiko mguu wa kushoto unakotakiwa kushuka, na huko ardhi iko mbali zaidi.

Julai, majira ambayo Lushoto hutaka sweta hata mchana, mama mmoja wa watoto wawili kutoka Tabata, Dar es Salaam, aliipanda barabara hiyo akiendesha Suzuki V-Strom 650. Mumewe alitangulia na pikipiki yake. Watoto walibaki na bibi yao mzaa baba, aliyekubali kuwalea siku tatu kwa sharti moja: apigiwe simu kila kituo watakachosimama.

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Miezi michache nyuma, mkwe wake alikuwa ameanguka na pikipiki hiyo hiyo kwenye kituo cha mafuta, ikiwa imesimama kabisa. Alishusha mguu, ardhi ikakosekana kwa sentimita chache tu, chombo cha zaidi ya kilo 210 kikaanza kulala. Akafanya ambalo kila mtu hulifanya bila kufikiri: akakaza mguu kukizuia. Kifundo cha mguu kikavunjika. Akafungwa hogo, watoto wakaogeshwa na shangazi yao, kazini akaomba ruhusa.

Kikao cha familia kilikuwa kifupi. "Mwanangu, chombo kisichokutosha si chako," alisema mama mkwe. Shauri lilikuwa pikipiki iuzwe.

Haikuuzwa. Ilishushwa.

Pikipiki za safari ndefu huwa juu kwa sababu maalumu. Magurudumu yanahitaji nafasi ya kupanda na kushuka kwenye barabara mbovu, na tumbo la injini halitakiwi kugonga mawe. Siti ya V-Strom 650 iko sentimita 83.5 kutoka ardhini, nayo hiyo ni ya wapole. Yamaha Ténéré 700 ina sentimita 87.5. Watengenezaji wenyewe wanajua kwamba si wanunuzi wote warefu: Yamaha huuza siti fupi na vipande vya kushusha nyuma ambavyo kwa pamoja huifikisha Ténéré kwenye sentimita 83.7, na BMW huuza baadhi ya pikipiki zake za safari zikiwa na shokapu fupi tangu kiwandani. Anayenunua mpya aulize hayo kabla ya kumtafuta fundi.

Mama huyu alikuwa na pikipiki iliyotumika, hivyo alianza na kipimo. Alisimama ukutani amevaa buti za safari, akabana kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, mumewe akapima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Akapata sentimita 74, soli nene ikiwamo. Yeye mwenyewe ana urefu wa sentimita 157. Kipimo cha mguu ndicho fundi anachokihitaji, maana watu wawili wa urefu mmoja wanaweza kutofautiana mapaja.

Hapa wengi hukimbilia kukata siti, kwa kuwa ndiyo njia ya bei nafuu. Fundi wa kushona siti hupunguza sponji, hasa pembeni panapotanua mapaja, na mguu hushuka wima badala ya kuizunguka siti. Pembeni hapo pana faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lakini sponji ikipunguzwa sana katikati, mifupa ya makalio hukaa juu ya plastiki, na baada ya saa mbili mtu hana raha tena. Kuna na suala la magoti. Siti ikishuka peke yake, husogea karibu na mahali pa kukanyagia, na goti hukunjwa zaidi safari nzima. Mwenye goti linalouma atalijua hilo kabla hajafika Msata.

Kushusha shokapu hakulikunji goti, kwa kuwa siti na mahali pa kukanyagia hushuka pamoja. Kinachopungua ni nafasi ya gurudumu kupanda. Shimo lililokuwa likimezwa na springi sasa hufika mgongoni. Kwa hiyo mama huyu alichukua kidogo kidogo huku na huku: siti ilipunguzwa sentimita 2, nyuma ikashushwa sentimita 2.5.

Kazi ya nyuma ilifanyika Gerezani. Chini ya V-Strom kuna vijiti viwili vya chuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu. Vikirefushwa milimita chache, siti hushuka zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, kosa dogo la kutoboa matundu huwa kubwa. Vijiti viwili vikipishana urefu, shokapu huvutwa upande. Fundi mzuri hukerezwa vijiti vyake kwa chuma kigumu, matundu yakitobolewa kwa pamoja, na hakubali kurefusha vya zamani kwa kuchomelea. Hivyo ndivyo vinavyobeba mama wa watu kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa.

Wanaoshusha nyuma tu wakaishia hapo huharibu pikipiki. Pua huinuka, usukani huwa mvivu kona zinapofuatana, na taa ya mbele humulika macho ya dereva wa basi linalokuja. Fundi alilegeza vishikio vya shokapu za mbele, akazipandisha kidogo ndani yake ili mbele pia pashuke, kisha akaangalia kwamba tairi haligusi madigadi springi zikikandamizwa hadi mwisho. Mwisho akakata stendi ya pembeni na kuichomelea upya. Hilo husahauliwa mno. Pikipiki iliyoshushwa ikiegemea stendi ya urefu wa zamani husimama wima kupita kiasi, na upepo wa lori, au mtoto anayeipanda kucheza uani, huweza kuilaza upande wa pili.

Baada ya yote hayo, miguu yake miwili haikufika chini bapa. Aligusa kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili. Akisogeza nyonga kidogo pembeni ya siti, mguu mmoja ulikanyaga wote. Fundi akamwambia hiyo inatosha. "Dada, ukitaka miwili yote bapa, nitakushushia hadi ikwame kwenye tuta."

Matuta hayakuchelewa. Walitoka Dar alfajiri kwa njia ya Bagamoyo ili kukwepa malori ya Kibaha na Chalinze, wakaingia barabara kuu Msata. Simu ya kwanza ilipigwa hapo. Wakavuka Wami kwa daraja jipya, pana, mbali na lile la zamani la njia moja ambako magari yalikuwa yakisubiriana. Baada ya hapo ni vijiji vya barabarani, Mbwewe, Mkata, Kabuku, na kila kijiji na matuta yake. V-Strom ya kiwandani ina sentimita 17 kutoka ardhini hadi tumboni, na chujio la oili pamoja na bomba la ekzosi vimekaa mbele ya injini, vikitazamana na kila kinachokuja. Yake sasa ilibaki na sentimita 14 na nusu. Tuta moja refu lilikwaruza bati la kukinga injini, sauti ikasikika hadi kwa wauza machungwa. Alikuwa amelifikia huku ameshika breki, na breki ya mbele huinamisha pua. Kwenye yaliyofuata alipunguza mwendo mapema, akaachia breki kabla ya gurudumu kupanda, akapita kimya.

Segera wakaiacha njia ya Tanga kulia kwao. Kuelekea Korogwe mashamba ya mkonge yananyooka pande zote, na upande wa kulia milima ya Usambara huanza kuonekana kama wingu lisilosogea. Walipumzika Korogwe, chai na maandazi. Miguu ilikuwa imeganda. Mtu aliyekaa pikipikini saa tano nyonga zake hukaza, na mguu uliopita juu ya siti kwa urahisi alfajiri huikwaa mchana. Safari ndefu huwapata wafupi hapo, wakati wa kupanda na kushuka, wala si kwenye mwendo. Alijinyoosha robo saa nzima huku mumewe akitazama saa.

Kisha Mombo, kulia, na mlima.

Kona ya tatu au ya nne, basi dogo lilikuwa linashuka likichukua barabara yote. Alisimama kabla ya kona, pikipiki ikiwa imenyooka na usukani umenyooka, mbali kidogo na ukingo ambapo lami bado ilikuwa tambarare. Mguu wa kulia ukabaki kwenye breki ya nyuma ili chombo kisirudi nyuma, wa kushoto ukashuka na kukanyaga. Basi likapita. Hapo ndipo sentimita 4 na nusu za Gerezani zilipolipa gharama yake.

Ilianguka Soni. Wauza mboga walikuwa wamepanga karoti na kabichi pembeni, akataka kuegesha, akakata usukani kwenye changarawe inayoteremka huku akishika breki ya mbele. Tairi likateleza. Mguu ulifika chini vizuri, lakini chini penyewe palikuwa panakimbia.

"Mama watoto, iache!" mumewe alipiga kelele.

Safari hii aliiacha. Aliachia usukani, akaruka hatua mbili pembeni, pikipiki ikalala. Kioo kimoja kilivunjika na mkono wa klachi ukapinda. Vijana wawili wa sokoni walisaidia kuinyanyua, mmoja akiuliza kama dada ameumia. Hakuumia. Mkono wa klachi huuzwa dukani. Kifundo cha mguu kina mishipa, mifupa midogo na wiki nyingi za hogo, na hakuna mguu wa binadamu, mrefu au mfupi, unaoweza kuzuia kilo 210 zikishaamua kulala.

Simu ya Soni nayo ilipigwa. Angeweza kunyamaza, lakini alisema ukweli.

"Mguu?" aliuliza mama mkwe.

"Mzima, mama. Nimeiacha ikaanguka peke yake."

Kimya kidogo, sauti za watoto zikisikika nyuma. "Basi niletee karoti za huko."

Lushoto mjini walifika kabla ya jua kuzama, ukungu ukiwa umeshashika mikaratusi. Mume alikuwa na hamu ya kuendelea kesho yake hadi Mtae, mwisho kabisa wa safu ile, ambako mtu husimama ukingoni na kuitazama nyika iliyo chini. Njia ya huko ni ya udongo, mawe na mifereji ya mvua. Mama aliitazama sentimita 14 na nusu yake, akakataa. Pikipiki iliyoshushwa imenunua usalama wa kusimama kwa kuuza barabara kama zile, na aliijua bei hiyo kabla ya kuilipa. Waliziacha pikipiki zote mbili nyumba ya wageni, wakatembea kwa miguu hadi Irente, wakapita shambani wanakouza jibini na mkate, wakakaa juu ya mwamba wakiitazama nyika chini kabisa, na barabara kuu nyembamba kama uzi.

Siku ya kurudi, karoti zilifungwa nyuma na siti ikashuka tena kidogo kwa uzito. Alizungusha kitasa cha kukaza springi ya nyuma hadi pikipiki ikasimama kimo chake. Mombo, kabla ya kushika barabara kuu, mumewe alilala chini na spana kukagua bolti za vijiti. Moja iliingia robo mzunguko.