Kwa Wafinyanzi wa Ikombe

Baridi ya Tukuyu ilibaki nyuma migombani, na basi lilipoingia Kyela joto la ziwa likatupokea. Sikuwa nimewahi kufika Ziwa Nyasa. Kazi yangu ni kusafisha juisi ya miwa kiwandani. Kilichonileta ni udongo.

Kiwandani juisi hutiwa chokaa, huchemshwa, kisha uchafu huachwa utuame. Hata hivyo wanga na gundi ya muwa havitoki vyote. Ndiyo maana baadhi ya viwanda duniani vimejaribu machujio ya kauri: mirija ya unga wa alumina uliochomwa, yenye vitundu vidogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Sukari iliyoyeyuka hupenya, gundi na bakteria hubaki. Kauri haidhuriki kwa juisi ya nyuzi 90 wala kwa kuoshwa na kostiki. Machujio hayo ndiyo yaliyonifanya nitake kuwaona wafinyanzi wa udongo kazini.

Kutoka Ipinda hadi Matema ni mpunga kulia na kushoto, na milima ya Livingstone inasogea mpaka inazamisha miguu ziwani. Baada ya soko la Lyulilo nikapanda mtumbwi hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi.

Bibi mmoja alikuwa amekalisha donge la udongo juu ya kigae. Mkono mmoja ulizungusha, wa pili ukapandisha ukuta wa chungu, mwembamba na sawa pande zote. Nikamwamkia.

“Marahaba mwanangu. Kaa, unywe maji.”

Mtungi wake ulikuwa unatoa jasho. Nilipoushika, kiganja kikalowa: maji yalikuwa yakipenya kwenye vitundu vya udongo, yakikauka nje na kuyapoza yaliyobaki ndani.

Vitundu kama hivyo vinaweza pia kuchuja maji. Mwaka 1981, huko Guatemala, Fernando Mazariegos alibuni chungu cha kuchujia maji. Udongo huchanganywa na vumbi la mbao au maganda ya mpunga. Tanurini maganda huungua na kuacha vitundu. Chungu hupakwa fedha ya kuua vijidudu, nacho huchuja lita 1 hadi 3 kwa saa.

Kyela ina maganda ya mpunga tele, na imewahi kusumbuliwa na kipindupindu. Mikono ipo Ikombe. Kinachokosekana ni tanuri, kwa kuwa Wakisi huchomea vyungu kwenye moto wa wazi, na chujio linataka joto lisiloyumba.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, shukeni Ikombe. Jengeni tanuri hilo pamoja na mabibi hawa, na muwalipe kama walimu.