Mwimbishaji Asiyejibiwa: Tafakuri Kuhusu Albamu ya X Plastaz

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mgema. Mimi naona kuwa inamhusu pia yule anayesifu. Sifa isiyochagua ni njia ya heshima ya kukataa kuonja. Nimeikumbuka kauli hii mara nyingi kila ninapoisikiliza albamu moja ambayo wanafunzi wenzangu wengi hawaijui, na ambayo wachache wanaoijua huisifu yote au huitupa yote.

Albamu yenyewe inaitwa Maasai Hip Hop. Ni ya kwanza ya kundi la X Plastaz la Arusha, lililoanzishwa mwaka 1996, na ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Out Here ya Ujerumani. Wafokaji wake, miongoni mwao Gsann, Ziggy na Faza Nelly, hutumia Kiswahili cha mitaa ya Arusha. Pamoja nao yumo Yamat Ole Meipuko, ambaye huimba kwa Kimaa. Wakati huo muziki wa kufokafoka wa Tanzania ulikuwa umekwisha kuweka makao yake Dar es Salaam, ziliko studio na redio kubwa. Kundi la Arusha kusikika mbali kiasi hicho lilikuwa jambo la kupigiwa mfano.

Mimi ni mzaliwa wa Kajiado. Kimaa ndiyo lugha niliyonyonya. Kiswahili ndiyo lugha niliyoichagua kuwa taaluma. Kutoka Namanga hadi Arusha ni mwendo wa takribani kilomita 110, na watu wa pande zote mbili walikuwa wakichunga na kuoana kabla Waingereza na Wajerumani hawajagawana nchi kwa mapatano ya mwaka 1886. Ndiyo maana siwezi kuisikiliza albamu hii kama mgeni. Lugha zangu zote mbili zimo ndani yake, nami nina haki ya kuuliza zimekalishwaje.

Nianze na uzuri wake, kwani upo. Chukua anwani ya wimbo Kutesa kwa Zamu. Katika Kiswahili sanifu, kutesa ni kumtia mtu katika maumivu. Katika lugha ya vijana wa Tanzania, kutesa ni kustarehe na kutamba. Anwani hiyo fupi inabeba maana zote mbili: leo wewe unastarehe, kesho mwenzako, na huenda starehe ya mmoja ndiyo mateso ya mwingine. Ni falsafa ile ile ya mpanda ngazi hushuka, ila hapa imevishwa nguo mpya. Chukua tena Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki. Sikio linanasa mara moja dhambi na dhiki zinavyoitana kwa sauti ya mwanzo, na akili inanasa swali zito la kimaadili. Swali la balagha kama hilo lingeweza kusimama katika diwani yoyote tunayoisoma darasani. Mtunzi aliyeliunda alijua alichokuwa akikifanya.

Hata hivyo, albamu nzima haiko katika kiwango hicho. Yapo majigambo ya kawaida ambayo kundi lolote la enzi hizo lingeweza kuyatamka, na zipo sehemu ambapo vina vinalazimishwa hadi maana inachechemea. Lakini udhaifu unaonigusa zaidi ni mwingine. Katika baadhi ya nyimbo, sauti ya Kimaa inaingia mwanzoni, inapotea wakati wafokaji wanapotoa hoja zao, kisha inarudi kama kiungo kinachonyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva.

Nilimsikilizisha nyanya yangu sehemu hizo, bila kumweleza lolote. Alitega sikio kwa makini, akatabasamu alipotambua lugha, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu anajibiwa na nani?" Swali hilo lilikuwa uhakiki kamili. Katika uimbaji wetu yuko olaranyani, yaani mwimbishaji, anayeanzisha na kuongoza wimbo. Na liko kundi linalomwitikia kwa sauti nzito za kooni. Mwimbishaji asiyejibiwa hajaimba bado, ameita tu. Nyanya hakulalamika kwamba Kimaa kimechanganywa na ngoma za kigeni. Alichokitafuta ni jibu.

Na hapo ndipo ninapoipata mizani ya kuipimia albamu hii. Pale ambapo Kiswahili na Kimaa vinasemezana, sauti moja ikiita na nyingine ikiitika, kazi hii ni mpya na ina nguvu. Pale ambapo Kimaa kimewekwa kuwa pambo, jina lililo juu ya jalada linakuwa kubwa kuliko kilichomo. Sisahau kuwa jina hilo ni la Kiingereza na kwamba kampuni iliyolitoa ni ya Ulaya, ambako picha ya Mmaasai na shuka jekundu imeuza bidhaa nyingi. Siwalaumu vijana wa Arusha kwa kupita mlango uliofunguka. Nasema tu kwamba picha ya watu wangu isihesabiwe kuwa sauti yao.

Katika idara zetu wapo wanaoshikilia kuwa kufokafoka si ushairi kwa kuwa hakufuati arudhi. Mjadala huo si mgeni. Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi ilichapishwa mwaka 1954, na miaka 20 baadaye Kichomi cha Kezilahabi kikawatia wengi kiwewe. Wapo pia wanaokumbatia kila kinachotamkwa na vijana, mradi ni chetu. Pande hizi mbili zinafanana kuliko zinavyodhani: hakuna unaoketi na wimbo mmoja mmoja. Ilhali jadi yenyewe ingetusaidia. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga katika mazingira ya kuulizana na kujibizana, na beti za malumbano hupimwa kwa jibu zinazolizua. Kwa kipimo hicho, nyanya na Muyaka wangeelewana vizuri kuliko sisi na vitabu vyetu.

Faza Nelly alifariki mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsann alifoka kwa Kiswahili katika hafla ya tuzo za hip hop za kituo cha televisheni cha BET cha Marekani, akiwa pamoja na wafokaji wa huko. Kundi lililoanza na albamu yenye mabonde na vilima liliifikisha lugha yetu mahali ambapo mihadhara yetu haijafika.

Kwa hivyo nawaomba wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu wasiishie kuorodhesha misimu ya vijana na asili ya maneno. Kazi kama hii inastahili kuambiwa ubeti huu umefaulu, huu umeanguka, na sababu ni hii. Msanii ameita. Uhakiki wa haki ni namna mojawapo ya kumwitikia.