Maduara Ukutani

Vitu vingi vya nyumbani mume na mke hukubaliana upesi: sufuria, blanketi, jembe. Picha ya ukutani huleta maneno. Kwetu Mkotokuyana yaliletwa na picha isiyo na mtu, mnyama wala mti. Ni maduara tu ya rangi, makubwa kwa madogo, yanayoelea gizani.

Tuliiona dukani Mtwara baada ya kuuza korosho. Mmoja wetu alivutiwa nayo. Mwingine alikuwa akihesabu sare za shule. Tukakubaliana: sare kwanza, na picha inunuliwe kwa kitakachobaki, kama bei ni ya haki.

Je, bei ya haki ni ipi? Mchoro wenyewe ulichorwa na Mrusi, Wassily Kandinsky, kwa rangi za mafuta mwaka 1926. Una upana wa sentimeta 140 hivi, nao umehifadhiwa katika jumba la Guggenheim, New York. Hii ya dukani ni nakala iliyochapwa kwa mashine na kufunikwa kwa akriliki, plastiki ngumu ing'aayo kama kioo. Hata ukiisogelea, huoni mkwaruzo wa brashi. Kandinsky alifariki mwaka 1944, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo tulilipia plastiki, wino na jasho la fundi, si jina la mchoraji. Tulipomweleza hayo mwenye duka, alicheka, akapunguza.

Nyumbani jirani aliuliza, “Sasa hii ni picha ya nini?” Mama mkwe akamjibu, “Wamakonde huchonga mpingo kwa mtindo wa mawingu. Nao huulizi ni wa nini. Unauzunguka na kutazama.” Siku hizi watoto wamegawana maduara: la baba, la mama, la bibi. Dogo la pembeni ni la kitindamimba, naye halikubali.

Mama mpendwa, ukinunua picha ya namna hii, usiipanguse vumbi kavu, maana akriliki huchubuka. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, wala usitumie spiriti. Na mgeni akikuuliza, mwambie wazi kuwa ni nakala. Nakala haina aibu ikiitwa kwa jina lake na kununuliwa kwa bei yake.