Mkoba wa Mgongoni

Mwezi wa nane wa mwaka 2018, likizo ilipokuwa imeanza na mishahara ya walimu haijafika bado, sisi tuandikao haya tulifanya shauri la safari pamoja na mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi. Shauri lenyewe lilikuwa lake. Alikuwa ameona picha za vijana wa Kanada ya magharibi wakitembea milimani wawili wawili, kila mmoja na mkoba mkubwa mgongoni, humo mna hema, sufuria na chakula, nao hulala popote jua linapowachwea bila kutumia fedha nyingi. Akatuambia, “Mwalimu, milima tunayo, ziwa tunalo, miguu tunayo. Twakosa nini?” Tukamjibu kwamba twakosa hema. Akacheka, akasema hema si kitu.

Basi tukachanga dolari 40, yaani karibu franga 64,000 kwa hesabu ya siku zile, ziwe posho ya watu wawili kwa siku sita. Mikoba tuliinunua kuukuu katika soko la Kadutu. Kwa kuwa zamani seminarini tulikabidhiwa sanduku la fedha la darasa, kazi ya hazina ilituangukia tena. Franga 10,000 tulizitenga kwa ajili ya dharura, mwenzetu akazificha chini kabisa ya mkoba wake, penye kitambaa kilichoshonwa mara mbili. Zilizobaki tulizishika sisi, na pamoja nazo daftari la kuandika kila kitu kilichonunuliwa, hata chumvi.

Asubuhi ya kuondoka, kabla ya mapambazuko, mama yetu mzazi alisimama mlangoni kwetu Nguba na taa mkononi. Akaitazama mikoba kwa muda, akasema, “Mwanangu, mimi nilibeba mzigo wa namna hii mara moja tu, mwaka 1996, na wewe ulikuwa juu yake. Mtu asiyefukuzwa abebeshwe na nini?” Walakini alituombea baraka, akatupa viazi vitamu vilivyochemshwa.

Tulipanda polepole. Huko Nyawera tulisimama kidogo kusali, mahali alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996, kisha tukashika barabara ya kaskazini, ile iendayo Kavumu, Katana, Kalehe na hata Goma. Jua lilipotoka tulikuwa tumekwisha kuuacha mji nyuma, na vumbi la kiangazi limekwisha kutuvika kanzu nyingine.

Kabla ya kufika Mudaka tuliandamana na mama mmoja aliyekuwa akielekea sokoni. Alibeba gunia la makala mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, kama wabebavyo wamama wengi wa Bushi, naye ameinama hata macho yake hayaoni ila miguu yake mwenyewe. Alisikia hatua zetu, akatuuliza bila kugeuka, “Ninyi mwabebea nani?”

“Twajibebea wenyewe, mama.”

“Na nani atawalipa?”

Tukasema hakuna atakayetulipa, twatembea tu ili kuiona nchi. Mama yule alicheka mpaka akalazimika kuegemeza gunia lake juu ya ukingo wa barabara. Akasema katika maisha yake hajasikia watu wabebao mzigo bure. Mwenzetu akajaribu kuliinua lile gunia ili amsaidie. Aliweza kwenda nalo hatua kama thelathini. Sisi hatukujaribu.

Hata hivyo kicheko kile kilikuwa cha kwanza na cha mwisho siku ile. Kila kijiji tulichopita, watu waliacha kazi wakatutazama. Pikipiki zilipita zikijaa abiria, na hawa wawili wanakwenda kwa miguu, vichwa vimefunikwa vumbi, blanketi zimefungwa juu ya mikoba. Mahali pamoja mwanamke alimwita mtoto wake upesi aingie ndani. Mahali pengine mzee aliinuka katika kiti chake, akatuuliza kwa sauti ya chini, “Wanangu, vita iko wapi?” Tukamwambia hakuna vita, baba. Hakusadiki. Alituuliza tena tumetoka wapi, na wenzetu wako nyuma wangapi. Ilitubidi kukaa naye karibu saa nzima na kumweleza kwamba sisi ni walimu wa Bukavu tulio katika likizo. Tulipoondoka tukageuka nyuma, tukamwona angali amesimama, akiangalia barabara ile tuliyoijia.

Toka hapo tulielewa neno la mama yetu. Katika nchi yetu mtu mwenye mzigo mgongoni ni habari, na habari yenyewe kwa kawaida si njema.

Huko Miti, njia ya kushoto inapanda kwenda Tshivanga, katika Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970. Mlima Kahuzi wenye mita 3,308 tulikuwa nao upande wa kushoto, kilele chake kimefungwa wingu. Siku zile wageni walikuwa wakilipa mamia ya dolari ili kuwaona sokwe wakubwa wa humo. Sisi tuliuamkia mlima kwa mbali tukaendelea, maana daftari halikuruhusu. Tulilala Kavumu, kilomita 30 hivi kutoka Bukavu, miguu yetu imevimba kama mikate. Kesho yake tukapitia Lwiro, tukatazama majengo makubwa ya chuo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, yakisimama kati ya bustani na miti mirefu kana kwamba yaliletwa na mawingu. Mchana tukawa Katana.

Hapa yatupasa kueleza jambo ambalo tungependa kuliruka.

Tulikuwa tumeketi chini ya mti kando ya barabara, tukila vile viazi vya mama, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuwa vigumu. Akaja mama kijana, mtoto mgongoni. Alitusalimu, “Tumsifu Yezu Kristu,” kisha akasimama tu. Aliposikia kwamba sisi ni walimu akapata moyo, akasema mtoto ana homa tangu siku tatu, na mahali pa matibabu wamemwambia alete kwanza franga 5,000. Tuligusa kichwa cha mtoto. Kilikuwa cha moto sana. Tukafungua daftari. Ndiyo, wasomaji, tulifungua daftari mbele yake. Tukahesabu nauli ya mtumbwi, chakula cha siku nne na njia ya kurudi, tukamweleza mama yule, kwa maneno mazuri ya kiseminari, kwamba tungependa sana lakini safari yetu ina mpaka wake. Tukampa franga 500. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaenda zake. Nasi tukaandika, “Sadaka: 500,” tukapiga mstari wa wino chini yake kwa kutumia rula.

Mwenzetu hakusema neno. Jioni, tulipokwisha kupokelewa nyumbani kwa mwalimu mmoja wa huko, alisema anakwenda kumwamkia mzee mmoja aliyemfahamu upande wa Mugeri, kwenye seminari ndogo. Sisi tulibaki kwa sababu ya malengelenge ya miguu. Alirudi usiku, akalala bila kula.

Asubuhi tulivuka kwenda Idjwi kwa mtumbwi wa injini, kati ya mbuzi, bidoni za mafuta na wachuuzi wa samaki. Ziwa Kivu ni ziwa la pekee. Liko juu mita 1,460 hivi toka usawa wa bahari, kilindi chake chapita mita 480, na maji ya chini yamejaa gesi, ambazo siku hizi ng’ambo ya Rwanda hutumiwa kwa kutoa umeme. Mamba na viboko hamna. Hata sambaza, ambao wengi hudhani Mungu aliwaweka humo siku ya tano ya uumbaji, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika, nyuma ya Ukerewe. Kina machifu wawili: kaskazini ni Rubenga, kusini ni Ntambuka. Tulikitembea siku tatu, kwa vijia vya migomba, mibuni na mananasi, na jambo lililotushangaza ni hili: huko hakuna aliyetuuliza tumekimbia nini. Kisiwa kile kilisalimika na vita kuliko nchi zilizokizunguka, na watu wake wamezoea kwamba aletwaye na maji anatafuta biashara. Walituuliza kama twanunua shamba.

Jioni ya pili giza lilitukuta mbali na kijiji tulichokikusudia. Bibi mmoja mjane, aliyekuwa akikusanya kuni, alituona, akasema tu, “Wanangu, njoni.” Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Alitupikia bugali wa muhogo na sambaza, naye mwenyewe akakaa kando akisema alikwisha kula mchana. Mkeka wake alitupa sisi. Sauti ya majani makavu usiku ilituonyesha yeye alilalia nini. Asubuhi tulitoa franga 2,000. Akazitazama kama mtu aliyetukanwa. Badala ya kuzipokea alituletea mananasi mawili makubwa, moja kwa kila mkoba. Nasi, kwa aibu yetu, tukiwa njiani tulikuwa tukihesabu mananasi yale yametuokolea fedha kiasi gani.

Tulirudi Bukavu kwa boti. Jioni ile tuliketi nyumbani Nguba, tukafungua hesabu. Kwa upande wetu kila franga ilikuwa na mahali pake, na 1,200 zilibaki. Tukamwomba mwenzetu zile za dharura. Alitoa 5,500. Tukazihesabu mara mbili.

“Zilikuwa 10,000,” tukasema.

“Zilikuwa.”

Tukangoja aeleze, wala hakueleza. Tulikumbuka jioni ya Katana, jinsi alivyorudi amechelewa, tukafikiri kwamba labda alikaa mahali penye kasiksi. Ndipo tukamwambia neno lisilofaa: tulimtajia yule msimamizi wa Injili aliyetapanya mali asiyopewa kuitapanya. Alitutazama, akavaa kofia yake. “Mwalimu, andika katika daftari kwamba zimepotea.” Tukaandika, “Zimepotea: 4,500.”

Hatukugombana. Tuliendelea kuonana katika Misa na katika mikutano ya walimu, lakini kitu kilikuwa kimepoa. Mwaka 2021 alipata njia ya kumfuata mkewe katika Kanada, mjini Edmonton. Siku ya kuondoka alituletea ule mkoba wake, akasema huko atapata mwingine.

Na kweli aliupata. Mwaka 2023 alituandikia kwamba yeye na mfanyakazi mwenzake wamekwenda katika milima ya Jasper, yapata kilomita 360 magharibi ya Edmonton, na mikoba mgongoni na fedha kidogo, wakilala katika hema kwenye viwanja ambavyo mtu huagiza mapema na kulipia. Aliandika kwamba huko hakuna amwulizaye mwenye mkoba amekimbia nini. Huulizwa tu kama chakula chake amekifungia katika sanduku la chuma, dubu wasije wakanusa. Mwezi wa saba wa mwaka 2024 moto wa msitu ulikula sehemu kubwa ya mji ule wa Jasper, na maelfu ya watu wakatolewa usiku. Mwenzetu akaandika mstari mmoja: “Mwalimu, safari hii hata hapa wamekimbia.”

Mwezi wa pili wa mwaka 2025 zamu ilikuwa yetu. Vita ilishuka kwa barabara ile ile tuliyoitembea sisi wawili: ilikuwa imekwisha kupita Minova, tarehe 14 ikawa Kavumu, na tarehe 16 ikawa Bukavu. Siku zile za katikati, risasi zilisikika, maghala yakaporwa, na watu wa Nguba wengine waliteremka Ruzizi ili kuvuka, wengine wakajifungia. Mama yetu, ambaye sasa ni mzee, hakulia wala hakupaza sauti. Aliuchukua mkoba wa mwenzetu uliokuwa umening’inia nyuma ya mlango, akauweka katikati ya nyumba, akasema, “Tia vyeti vyako humu, na blanketi, na unga. Mimi nitatia rozari.”

Tulipoupindua ili kuukung’uta, vumbi la Mudaka likatoka. Kisha, katika kile kitambaa cha chini kilichoshonwa mara mbili, vidole vyetu viligusa karatasi. Ilikuwa stakabadhi ndogo, imekunjwa mara nne, ya mahali pa matibabu, tarehe ya mwezi wa nane 2018, imeandikwa jina la mtoto, dawa za malaria, na jumla yake: franga 5,000. Mama alituuliza tumepata nini hata tumekaa chini. Tulimsomea.

Hatukuondoka. Mkoba ulikaa mlangoni siku nyingi ukiwa umefungwa, na usiku tuliuona pale kila tulipoamka. Mawasiliano yaliporudi vizuri tulimwandikia mwenzetu, tukamwomba atusamehe, tena, kwa kuwa hatujaponywa bado ugonjwa wa hesabu, tukamwuliza: stakabadhi ni ya 5,000, na fedha zilizopungua ni 4,500, nyingine 500 alizitoa wapi?

Jibu lilifika kesho yake asubuhi. “Zilikuwa zako,” aliandika. “Nilimkuta yule mama bado amesimama mlangoni pao, amezishika mkononi.”