Aina ya Ndege

Mwezi wa Oktoba 2019, tulipokuwa tukifundisha Kiswahili huko California, Marekani, mwanafunzi wetu mmoja alituomba tufuatane naye kutazama ndege katika hifadhi ya Pearson-Arastradero, mjini Palo Alto. Ni vilima vya ekari 622. Majira hayo nyasi zake zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya simba, na mialoni imesimama juu yake mmoja mmoja, mithili ya wazee waliochelewa barazani.

Tulikubali kwa furaha. Mtu aliyezaliwa Uganda, tulijiambia, ataogopaje maswali ya ndege?

Wa kwanza alikuwa mweupe, mwenye mabega meusi, ametulia hewani akipigapiga mbawa bila kusonga, macho yakitafuta panya chini. "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Tukasema ni mwewe. Hatukuona haya, maana ndugu yake afananaye naye sana yuko mbugani kwetu. Kisha tukasikia sauti ya kugonga katika mwaloni mkavu. Ndege mweusi mwenye utosi mwekundu alikuwa akishindilia tunda la mwaloni ndani ya tundu. Shina zima lilikuwa limetobolewa matundu yasiyohesabika: ghala la ukoo, kwani ndege hawa huishi kijamaa na akiba yao huilinda pamoja. "Na huyu?" Tukajibu kwa sauti ya darasani: "Ni aina ya ndege."

Binti yule akaandika. Punde akainua darubini, akauliza kwa adabu kamili: "Mwalimu, na yule pale, naye ni ainayandege?"

Hatukucheka. Usiku ule tulikumbuka insha ya mtoto mmoja wa kidato cha pili, miaka mingi nyuma, aliyeandika kwamba kigogota alimwamsha alfajiri. Tulilipiga neno lile mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Hakuna neno hili." Kamusi ilikuwa mezani, hatukuifungua.

Jumamosi iliyofuata tulirudi mwaloni pale. "Kigogota," tulimwambia, "latokana na kugogota." Akafuta neno lake la kwanza, asiulize kitu. Matunda yakikauka husinyaa yakalegea, na kigogota huyachomoa ayatafutie matundu madogo zaidi. Tukakaa kumtazama mmoja akijaribu tundu la kwanza, la pili, la tatu.