Wako wangapi chini?

Bumu limeshakata, tesiti zinafuatana kama mabehewa, ila tupo, tunapambana.

Wiki hii kulikuwa na ubishi mkali kimbwetani. Jamaa yetu mmoja wa mwaka wa tatu katangaza kwamba akimaliza hapa Nyegezi anakwenda Dar, Chuo Kikuu cha Ardhi, kusoma shahada ya uzamili ya menejimenti ya maafa. Watu wakamcheka mpaka basi. "Yaani usome madigrii yote hayo kusubiri mafuriko?"

Mimi mtoto wa Kahama sikucheka. Kwetu maafa hayasubiri mvua, yako chini ya miguu. Mnajua duara? Ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, watu wanashuka kwa kamba, kuta zinashikiliwa na matimba. Matimba yakioza, au maji yakiingia, kifusi kinashuka.

Oktoba 2015 duara lilititia Nyangalata, Kahama. Siku 41 baadaye, Novemba, wakapatikana watano wakiwa hai. Walikuwa wanakula mizizi, mende na vyura. Nyumbani walishahesabiwa kuwa marehemu. Januari 2017 kule Nyarugusu, Geita, walinaswa watu 15, baada ya siku tatu wote wakatolewa hai. Agosti 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa, Shinyanga. Huko walifukiwa 25, na wengi wao hawakurudi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Likitokea la kutokea, swali la kwanza la mwokoaji ni hili: wako wangapi chini? Ni nani na nani, na walikuwa upande gani? Bila jibu, hujui uchimbe wapi, wala hujui lini uache kutafuta. Na kwenye maduara mengi jibu hilo halipo. Mtu anashuka kumshikia mwenzake zamu, mwingine kafika jana kutoka Kigoma, anajulikana kwa jina la utani tu.

Likizo iliyopita nilimuuliza mjomba, ambaye ni mchimbaji, "Mjomba, shikamoo. Leo mlishuka wangapi?"

"Marahaba. Kumi hivi."

"Hivi?"

Akacheka sana. "We mwalimu, kwani sisi tunaitwa majina?"

Dah, hilo neno liliniingia. Kwa sababu sisi wa ualimu tunafundishwa kuita majina kila asubuhi. Wengi tunaona daftari la mahudhurio ni la kumridhisha mkuu wa shule. Kumbe ndiyo menejimenti ya maafa yenyewe! Bweni likiungua usiku, ni orodha hiyo itakayosema nani hayupo.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 ipo, na kamati zake zinashuka mpaka kijijini. Ni jambo jema. Lakini wa kwanza kufika kwenye duara lililoporomoka ni wachimbaji wenzake na sururu zao. Kama elimu hii itaishia Dar na Dodoma, wao itawafikia lini?

Kwa hiyo mimi kwenye mazoezi ya kufundisha naomba Geita, na nitaanza na madogo. Usicheze kwenye mashimo yaliyoachwa, masika yanajaa maji na yanaua. Ukienda mahali, aga. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Na baba akitoka kwenda machimboni, muulize anashuka na nani, kisha uandike. Daftari la shilingi mia tano na kalamu, basi. Kibao cha majina kikikaa mdomoni mwa duara, hata mwenye duara hapotezi kitu.

Na wewe jamaa yangu, nenda Ardhi kasome. Ila ukimaliza urudi huku, usitukimbie.

Haya wadau, Ijumaa kuna tesiti ya saikolojia ya elimu. Tuombeane!